Tathmini ya backport-action: zana ya kunakili marekebisho kwenye matawi ya matoleo ya zamani

Timu inayotunza toleo moja tu la programu yake haina haja ya kusoma tathmini hii. Ninawaandikia wale wenye tawi kuu, yaani mstari mkuu wa msimbo, linalosonga mbele kila siku, na nyuma yake matawi mawili, matatu au zaidi ya matoleo ambayo wateja bado wanayatumia. Kwao, kila rekebisho la hitilafu hudai kazi ileile mara kadhaa: kuhamia tawi la zamani, kuchuma, yaani kunakili, komiti (badiliko lililohifadhiwa) iliyorekebisha hitilafu kule tawi kuu, kusukuma tawi jipya kwenye seva, kufungua ombi la kuunganisha (pull request), kuandika maelezo yaleyale, kumwomba mwenzako apitie, kisha kuanza upya kwa toleo linalofuata. Kazi hiyo si ngumu, ila inachosha, na kazi ya namna hiyo ni rahisi kusahaulika. Matokeo yake ni kwamba mteja wa toleo la zamani hukutana tena na hitilafu ambayo kwenye tawi kuu ilikwisha kurekebishwa miezi mingi iliyopita.

Mtu asidhani kwamba matawi ya zamani ni dalili ya uvivu wa wateja. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na nchi nyingine nyingi, huhudumiwa na watengenezaji wake katika matoleo matatu ya karibuni kwa wakati mmoja. Wizara iliyoingiza ripoti za vituo vyake vyote vya afya ndani ya mfumo huo, kama Kenya ilivyofanya tangu 2011, haiwezi kubadilisha toleo kila linapotoka jipya, kwa sababu mabadiliko hayo yanahitaji majaribio, mafunzo na idhini. Kwa hiyo rekebisho la usalama lililoandikwa leo lazima lifike pia kwenye toleo lililotoka mwaka juzi, na lifike likiwa limepitiwa na mtu.

Zana ninayoitathmini hapa inaitwa backport-action. Msimbo wake uko wazi kwenye GitHub, huduma ya kuhifadhi misimbo inayotunzwa kwa programu ya Git, katika hazina ya korthout/backport-action, hailipiwi, na hufanya kazi ndani ya GitHub Actions, yaani huduma ya GitHub yenyewe ya kuendesha kazi za kiotomatiki kila jambo fulani linapotokea kwenye hazina. Miongoni mwa watumiaji wake wakubwa ni nixpkgs, hazina ya vifurushi vya mfumo wa NixOS, ambako matawi ya matoleo hubeba majina kama release-24.11 na marekebisho hushushwa huko kutoka tawi kuu kwa kubandika lebo tu.

Kuisimika ni kazi ya muda mfupi. Unaandika faili moja la mipangilio la muundo wa YAML, lisilozidi mistari thelathini, ndani ya folda ya .github/workflows, ambamo unataja mambo matatu: tukio litakaloiamsha zana, ambalo ni kufungwa kwa ombi la kuunganisha, ruhusa inazohitaji, yaani kuandika kwenye hazina na kuandika kwenye maombi, na zana yenyewe pamoja na namba ya toleo lake. Kisha unatengeneza lebo. Kwa kawaida zana hutafuta lebo yoyote inayoanza na neno backport, ikifuatiwa na nafasi moja na jina la tawi. Huhitaji kuorodhesha matawi yako popote, kwa kuwa lebo ndiyo orodha. Likizaliwa tawi jipya la toleo, unaongeza lebo moja na kazi imekwisha. Mpangilio huo wa lebo ni mojawapo ya mambo yanayonivutia zaidi, kwa sababu unamweka mtu anayepitia msimbo, ambaye mara nyingi ndiye anayejua hitilafu ilianzia toleo lipi, katika nafasi ya kuamua bila kuandika amri hata moja.

Tuseme ombi namba 412 linarekebisha hesabu ya kodi kwenye ankara, na limebandikwa lebo ya backport release-2.8 na nyingine ya backport release-2.7. Mara tu linapounganishwa kwenye tawi kuu, zana huamka, huanzisha tawi liitwalo backport-412-to-release-2.8 kutoka kwenye ncha ya tawi la toleo hilo, huchuma komiti husika, husukuma tawi hilo kwenye seva na kufungua ombi jipya ambalo kichwa chake ni kile cha ombi la awali kikitanguliwa na mabano ya mraba yanayotaja tawi linalokusudiwa. Hufanya vivyo hivyo kwa 2.7. Mwishoni huacha maoni chini ya ombi namba 412 yakitaja namba za maombi yaliyofunguliwa. Anayerudi kulisoma ombi hilo baada ya mwaka mmoja ataona mahali pamoja rekebisho lilikopelekwa na lisikofika.

Ndani yake hakuna uchawi. Zana huendesha amri ya git cherry-pick ikiwa na chaguo la -x, ambalo huongeza mstari mmoja mwishoni mwa ujumbe wa komiti unaotaja hashi, yaani kitambulisho cha kipekee, ya komiti ya asili. Mstari huo ni wa thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Komiti iliyochumwa hupata hashi mpya, kwa hiyo kwa macho ya Git ni kitu kingine kabisa, na amri ya git branch --contains, ambayo wengi huitegemea kuuliza kama rekebisho limefika kwenye tawi fulani, itajibu kwamba halipo hata kama lipo. Mstari wa -x huwa kamba inayokurudisha kwenye asili. Zana pia hutambua namna ombi lilivyounganishwa: kama komiti zake zilibanwa kuwa moja, huchuma hiyo moja, kama zilipangwa upya juu ya tawi kuu, huchuma hizo zilizopangwa upya. Ndani ya ombi kukiwamo komiti ya muunganiko, hukataa kuendelea isipokuwa umeiagiza iiruke. Ukataaji huo naukubali, kwa kuwa kuchuma komiti ya muunganiko bila kueleza mzazi yupi ndiye wa kufuatwa ni jambo ambalo hata Git yenyewe hulikataa.

Hata hivyo, zana ya aina hii huthibitisha thamani yake pale mambo yanapokwama. Msimbo wa tawi la zamani ukiwa umetofautiana na wa tawi kuu katika mistari ileile iliyoguswa, Git hutangaza mgongano. Kwa mpangilio wake wa kawaida, zana husimama hapo, haifungui ombi lolote kwa tawi hilo, na badala yake huandika maoni chini ya ombi la awali yakieleza kwamba kuchuma kumeshindikana, yakifuatiwa na amri kamili za kunakili na kubandika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) yako: kuvuta tawi la toleo, kuunda folda ya kazi ya pembeni kwa git worktree ili usivuruge unachokifanya, kuanzisha tawi jipya lenye jina lilelile ambalo zana ingelitumia, na kuchuma komiti kwa hashi zake zilizokwisha kuandikwa. Aliyebuni maoni hayo anaijua kazi. Mtu anayeletewa taarifa ya kushindwa saa kumi jioni hahitaji mhadhara kuhusu migongano, bali amri ambazo zitamfikisha kwenye mgongano wenyewe bila kutafuta hashi.

Upo pia mpangilio mwingine, ambao watengenezaji wenyewe wameuweka katika kundi la majaribio, unaoiamuru zana ifungue ombi la rasimu likiwa na mgongano wa kwanza ndani yake, pamoja na alama zote za Git zinazotenganisha upande mmoja na mwingine. Baadhi ya timu huupenda kwa sababu ombi la rasimu huonekana kwenye orodha ya kazi na haliwezi kusahaulika kirahisi kama maoni. Mimi nauona una hatari: faili lenye alama za mgongano limekwisha kuwa komiti, na katika lugha ambazo hazikusanywi (compile) kabla ya kuendeshwa, au katika faili za mipangilio na maandishi, alama hizo zinaweza kupita bila kelele hadi kwa mteja. Anayeuchagua aweke kwanza jaribio linalotafuta alama hizo katika kila faili.

Jambo moja ambalo zana haiwezi kulifanya, kwa sababu ya mahali inapoishi, ni kukumbuka. Git ina uwezo uitwao rerere, ambao ukiwashwa hurekodi jinsi ulivyotatua mgongano na kuurudia utatuzi huo mgongano uleule unapotokea tena. Kumbukumbu hiyo hukaa ndani ya folda ya .git kwenye kompyuta yako, ilhali kila kazi kwenye seva za GitHub huanzia kwenye mashine tupu inayofutwa kazi inapokwisha. Kwa hiyo rekebisho linalogongana kwa namna moja kwenye 2.8, 2.7 na 2.6 litakuletea maoni matatu ya kushindwa. Suluhisho ni kuwasha rerere kwenye kompyuta yako kwa amri ya git config rerere.enabled true kabla ya kuanza kuzitatua, kisha kushuka kutoka toleo jipya kwenda la zamani. Mara nyingi mgongano wa kwanza ndio pekee utakaoutatua kwa mkono, na iliyobaki utakuta faili zimekwisha kurekebishwa zikisubiri jicho lako tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kila anayeisimika zana hii anapaswa kulielewa kabla ya kuisifu mbele ya wakubwa wake. GitHub huzuia makusudi tokeni yake ya ndani (ufunguo wa ruhusa unaopewa kila kazi), ile iitwayo GITHUB_TOKEN, isiamshe kazi nyingine za kiotomatiki, ili kazi moja isiiamshe nyingine bila kikomo. Maana yake ni kwamba ombi lililofunguliwa na zana kwa tokeni hiyo haliamshi majaribio yako. Ukurasa wa ombi utaonekana safi, bila alama nyekundu, lakini usafi huo unatokana na kwamba hakuna kilichopimwa. Kama tawi la toleo limelindwa kwa sharti la majaribio kupita, ombi litabaki likisubiri majaribio ambayo hayaji. Na kama halijalindwa, ni hatari zaidi, kwa kuwa mpitiaji mwenye haraka anaweza kuliunganisha akidhani kila kitu kimepita. Njia rahisi ni kulifunga ombi na kulifungua tena kwa mkono, jambo linaloondoa nusu ya faida ya kuwa na zana. Njia sahihi ni kuipa zana tokeni ya programu ya GitHub (GitHub App) iliyosajiliwa na shirika lenu, ambayo huamsha majaribio kama ambavyo mtu angeyaamsha. Tokeni hiyohiyo, ikipewa ruhusa inayohitajika, hutatua pia tatizo dogo linalofanana nalo, kwamba GITHUB_TOKEN hairuhusiwi kusukuma mabadiliko yanayogusa faili za folda ya .github/workflows. Maelezo ya zana hayalifichi suala hili, lakini laiti lingewekwa juu kabisa ya ukurasa.

Suala la usalama linastahili uangalifu wa aina hiyo. Maombi yanayotoka kwenye nakala za hazina walizojitengenezea watu wa nje (fork) hupewa tokeni ya kusoma tu, kwa hiyo zana hutegemea tukio liitwalo pull_request_target, ambalo huendesha kazi kwa ruhusa za hazina yako na kuziona siri zake. Kuchuma komiti ndani ya tukio hilo hakuna ubaya, kwa kuwa msimbo unanakiliwa tu wala hauendeshwi. Ubaya huanza pale mtu anapoliongezea faili hilohilo hatua ya kusimika vifurushi au kuendesha majaribio ya msimbo wa ombi, kwa sababu hapo amempa mgeni funguo za nyumba. Faili la zana hii libaki na kazi yake moja.

Kuna swali ambalo hakuna zana ya kunakili itakayolijibu: je, badiliko lililonakiliwa bila mgongano ni sahihi? Git hulinganisha mistari, haielewi maana yake. Chukua mfumo ambao kwenye tawi kuu kazi ya kupima muda wa kusubiri hurudisha milisekunde, lakini kwenye tawi la 2.7 bado inarudisha sekunde, kwa kuwa badiliko hilo lilifanyika baadaye na katika faili jingine. Rekebisho jipya linaongeza sharti la kukata muunganisho iwapo thamani imezidi 30000. Mistari inayozunguka sharti hilo ni ileile kwenye matawi yote mawili, kwa hiyo komiti inachumwa bila tatizo lolote, programu inakusanywa bila onyo, na mteja wa 2.7 anasubiri saa nane na dakika ishirini badala ya nusu dakika. Hii ndiyo sababu ninaiheshimu backport-action kwa kuishia kwenye ombi, bila kwenda hadi kuunganisha. Ipo mipangilio mingine ya GitHub inayowezesha maombi ya roboti kujiunganisha yenyewe majaribio yakipita. Sishauri iwashwe kwa matawi ya zamani, ambayo kwa kawaida ndiyo yenye majaribio machache na wateja wasiopenda mshangao.

Wapo watakaosema kwamba mwelekeo mzima umekosewa, na hoja yao ina uzito. Mwongozo wa Git wenyewe kuhusu mitiririko ya kazi, gitworkflows, unashauri rekebisho liandikwe kwanza kwenye tawi la zamani zaidi linalolihitaji, kisha matawi yaunganishwe kwenda juu, la zamani ndani ya jipya. Kwa njia hiyo komiti hubaki moja yenye hashi moja, na swali la kama rekebisho limefika hujibiwa na Git bila kutegemea mstari wa -x. Bitbucket Data Center, mfumo mwingine wa kuhifadhi msimbo, ina uwezo wa kiotomatiki unaofuata mwelekeo huo: ukiunganisha kwenye tawi la toleo, huendelea kuunganisha kwenye matawi ya matoleo yanayofuata kwa mpangilio wa namba zake, na ukitokea mgongano hufungua ombi. Njia hiyo ni nzuri pale ambapo matawi hayajaachana sana na timu ina nidhamu ya kuuliza kabla ya kuandika kwamba hitilafu ilianzia wapi. Katika miradi mingi ninayoifahamu, hitilafu hugunduliwa na kurekebishwa kwenye tawi kuu, na swali la matoleo ya zamani huja baada ya rekebisho kupitiwa. Hapo kuunganisha kwenda juu kumekwisha kupitwa na wakati, na kuchuma kwenda chini ndiyo njia iliyobaki.

Kwa upande wa kushuka chini, washindani wapo. Mradi wa Python, baada ya kuhamia GitHub Februari 2017, ulijitengenezea zana ya terminali iitwayo cherry_picker na roboti iitwayo miss-islington, ambayo husoma lebo za aina ya needs backport to 3.13 na kufungua maombi. Roboti hiyo imeshonwa kwa vipimo vya mradi wa Python, lakini cherry_picker inaweza kutumiwa kwingine, na inafaa kwa mtu mmoja anayetaka kutaja hashi moja na matawi kadhaa kwa mkupuo. Kuna pia zana ya terminali iitwayo backport, inayotumiwa na mradi wa Kibana, ambayo hukuorodheshea komiti zako za karibuni uchague kwa vishale, kisha ikuulize matawi. Inapendeza kutumia, na kwa kuwa hukaa kwenye kompyuta yako, rerere hufanya kazi. Walioko GitLab, huduma inayoshindana na GitHub, wana kitufe cha kuchuma ndani ya ukurasa wa ombi lililounganishwa, ingawa kitufe hushughulikia tawi moja kwa wakati mmoja na hutegemea mtu akumbuke kukibonyeza. Linux ina desturi yake tofauti kabisa: mwandishi huongeza kwenye ujumbe wa komiti mstari wa Cc unaotaja anwani ya watunzaji wa matoleo thabiti, na mara nyingi mstari wa Fixes unaotaja komiti iliyoleta hitilafu, nao huchuma kutokana na taarifa hizo. Mstari wa Fixes ningependa kila timu iuige, hata inayotumia backport-action, kwa sababu ndio unaoeleza ni lebo zipi zibandikwe.

Kasoro ndogo zilizobaki zinavumilika. Ukiifuata sampuli ya msingi ya faili la mipangilio, lebo iliyobandikwa baada ya ombi kuunganishwa haiamshi chochote, kwa kuwa tukio la kufungwa limekwisha kupita; tumia sampuli ya pili, inayokubali mtu aandike /backport kwenye maoni ya ombi. Gharama ni ndogo: hazina za wazi hazilipii mashine za kawaida za GitHub Actions, na hazina binafsi katika mpango wa bure hupewa dakika 2,000 kwa mwezi, ingawa kila kazi huhesabiwa kwa kukamilisha dakika nzima hata ikichukua sekunde kumi. Mradi wenye maombi mengi yanayofungwa bila kuunganishwa uweke sharti la kuanza kazi pale tu ombi limeunganishwa kweli, si kufungwa tu, ili dakika zisiliwe bure.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya migongano inayojirudia kwenye kila tawi na kwa sababu suala la tokeni humpata mtu akiwa amekwisha kuamini kwamba amemaliza kusimika. Timu yenye matawi matatu ya matoleo na kuendelea iisimike, ikianza na tokeni ya programu tangu mwanzo na ikiacha mpangilio wa migongano kama ulivyo. Wenye tawi moja la zamani linalopokea marekebisho mara chache kwa mwaka watosheke na git cherry-pick -x, ilimradi wasiisahau hiyo -x.